Uso wa Kieran Kwenye Treni ya Krismasi

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua ya barafu tangu asubuhi. Nimemfunga mwanangu Jonty kifuani, koti langu juu yake, tukapanda hadi daraja la mawe kuisubiri treni ya Krismasi. Mume wangu Kieran yumo kwenye kichwa cha treni, kile cha mvuke, anatia makaa tanuruni. Kazi ya kujitolea, halipwi, lakini ukimwona na sepetu lake utadhani kapewa ufalme. Mwaka Mpya cheti cha usalama cha boila, lile tangi la mvuke, kinakwisha. Kichwa kitapelekwa karakana, na karakana ile vitu huingia mtoto hana jino vikatoka ana ndevu. Kwa hiyo ni sasa. Nataka nimpige filamu kwa simu, mwanangu akikua aje amwone baba yake pale dirishani, uso mweusi kwa masizi, anacheka. Basi. Si mengi.

Bwana Ormerod, mmoja wa wazee wanaopiga picha za treni, alishatangulia, na stendi ya kamera na chupa ya chai. Huku ukitangulia mahali ni pako, na asimame mtu mbele yako uone. Nikakaa upande wa pili. Treni ikaja, upepo ukanibwagia mvuke wote. Nimepiga filamu ya weupe. Ormerod akaniuliza, bibie, kwani upepo hukuuona? Nikamwambia nimeuona sasa, umo mdomoni.

Jumapili, 15 Desemba

Mpango! Nilimpigia Ormerod simu, nikabana pua, nikasema napiga kutoka stesheni, kichwa cha mvuke kimeharibika, leo tunavutwa na dizeli. Hawa wazee dizeli kwao ni msiba. Hakuja hata mmoja. Daraja lote letu! Theluji nyepesi, upepo unakwenda kwingine. Kieran huyo, anachungulia... na treni ya mizigo ikajipitisha katikati yetu, reli ya upande wangu, na kokoto zake, polepole, kama inakwenda kuzika mtu. Ilipokwisha, Krismasi nayo ilishapita.

Jioni mabaya zaidi. Ormerod kawaambia wenzake, wenzake wakawaambia wake zao, na kufika kwa mama mkwe habari ni kwamba Kieran ndiye kaharibu kichwa. Abiria waliosikia ni dizeli wamekasirika, msimamizi kamwita Kieran. Mama mkwe kaja mpaka mlangoni kutangaza kwamba mwanawe hajaharibu kitu tangu azaliwe, ila siku aliyooa. Kieran kaketi kula. Kaniuliza ni mpumbavu gani anaweza kutunga jambo kama lile. Nikasema dunia ina watu wabaya. Nikamwongezea viazi.

Jumapili, 22 Desemba

Safari ya mwisho. Theluji imefunika ua wote. Kieran kaniahidi kwamba akifika darajani atajitoa dirishani hadi mabega, apunge mkono.

Simu yangu huzimika kwa baridi. Basi nikaichomeka ndani ya nguo za Jonty, ipate joto lake. Akili hiyo! Honi ikalia bondeni, nikaitoa. Kumbukumbu imejaa! Jonty kaibonyeza njia nzima. Nina filamu ndefu ya giza na tumbo la mtoto linanguruma. Nikafuta hiki, nikafuta kile, vidole vimekufa ganzi, Jonty akaangua kilio, Ormerod akafoka, mnyamazishe huyo, narekodi sauti!

Kieran akapita. Alijitoa mabega kweli. Alipunga. Alikuwa anacheka, meno tu yanaonekana. Na mimi mkononi nina simu inaniuliza kama nina hakika nataka kufuta.

Jumanne, 24 Desemba

Ukumbi wa kanisa, Ormerod anaonyesha filamu yake ya treni, kama kila mwaka. Nilipaka rangi ya mdomo. Sikujali tena filamu ni ya nani, maadamu Kieran yumo. Nilikuwa tayari kuomba nakala, hata kumwita yule mtu mjomba.

Magurudumu. Bomba la moshi. Magurudumu tena. Kilio cha mwanangu, na ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Kisha pale dirisha la Kieran lilipotakiwa kuja, mabehewa!

Nikamfuata kwenye meza ya pai. Akasema kipande kile alikikata na kukifuta kabisa. Kuna mpuuzi alijitokeza kupunga mkono, akaharibu picha nzima. Nikamwambia mpuuzi huyo ni mume wangu. Akasema pole, binti, akachukua pai nyingine. Mama mkwe akasema nyuma yangu kwamba angalau mjukuu wake kasikika vizuri.

Nimelia kidogo chooni. Kieran kasema yaache, Shelley, mtoto atanitazama mimi mwenyewe, kwani nakwenda wapi? Maneno matamu. Nimemkubalia.

Ila nimesikia kichwa kitaburutwa kwenda karakana tarehe mbili Januari, kimepoa, hakina moto. Kieran anaweza kabisa kukaa dirishani na sepetu, nami nikampiga filamu. Kilichopungua ni moshi tu. Banda la jirani limejaa nyasi zenye unyevu, ukizichoma ni moshi mtupu, na tanuru la kichwa halifungwi kwa ufunguo, nimeuliza kijanja. Msimamizi atakataa, kwa hiyo haombwi. Kieran naye sitamwambia mpaka zishike moto.