Sufuria ya Bibi Waridi na Kifungu cha Nne

Wananchi wa Kasongo na wa Kabambare, na ninyi mnaokaa Wamaza ambako habari hufika kwa miguu: inatangazwa rasmi kwamba urithi wenu sasa uko salama. Msiuguse.

Mimi ni Faradji, Mkuu wa Biro ya Kulinda Urithi. Ndimi niliyeandika Siasa ya Ulinzi, ndiyo sera ya urithi ya eneo letu: kurasa arobaini, mihuri ya tampo sita, na ramani moja ambamo mto Lualaba umepita upande usio wake. Mto umeshaandikiwa barua. Biro yangu iko karibu na soko, ina meza moja na kiti kimoja, na katika kiti hicho nimeitumikia nchi miaka ishirini na mitatu bila kusogea.

Moyo wa Siasa ni Kifungu cha Nne. Kinasema kitu ni urithi kikitimiza masharti matatu. Kizidi miaka hamsini. Kiwe kimekaa mahali pamoja kwa miaka ishirini. Na kazi yake ya asili iwe haijulikani tena. Kitu hicho kitafungwa utepe mwekundu, kisiguswe, kisisogezwe, wala kisikaribiwe na moshi, mvuke au mafuta ya kupikia. Hayo mafuta ya kupikia niliyaongeza mwenyewe. Siku ile nilikuwa nimeshiba.

Miezi saba tulitafuta urithi tusiupate. Kisha, Jumatatu moja, nikapita uani kwa Bibi Waridi nikaiona sufuria.

Ilikuwa ya shaba, kubwa, mtu mzima angeweza kuoga ndani yake akajigeuza. Ilitoka kwa bibi ya bibi yake. Katika nyumba ile binti haolewi mpaka pilau ipikwe humo, na mama ya bwana harusi apewe ukoko wa chini kwa mkono wa bibi mwenyewe. Asipoula, ndoa hakuna. Anarudi kwao na mwanawe. Na Jumamosi ile Rehema, mjukuu wa Bibi Waridi, mwalimu wa shule, alikuwa anaolewa na Feruzi wa Salamabila. Mama Feruzi alikuwa tayari njiani, juu ya pikipiki, siku ya pili katika matope.

"Hongera, Bibi," nikasema huku nafunga utepe. "Umepata urithi."

"Nilikuwa nayo toka zamani. Toa hiyo kamba, Faradji, nataka kuosha sufuria."

"Kuosha! Unajua iko historia ya miaka mingapi mule ndani?"

"Najua. Ndiyo maana nataka kuosha."

Nikamsomea Kifungu cha Nne chote. Alisikiliza mpaka sharti la tatu, akaruka.

"Kazi yake haijulikani? Iko ya pilau! Weye mwenyewe ulikula arusi ya Djamali, sahani tatu, na ingine ukabeba ndani ya mufuko!"

"Leo inajulikana, Bibi. Lakini tukikaa miaka michache bila kupika, haitajulikana tena. Serikali inatazama mbele."

"Na Rehema ataolewa na nini?"

"Utafiti unaendelea," nikajibu.

Alilia, sitaficha. Alikaa juu ya kinu akalia kwa sauti, anamwita mama yake aliyekufa zamani. Iliniuma kidogo. Nikaandika katika ripoti: "Jamii imeupokea mradi kwa hisia nyingi."

Kesho yake Rehema akaja bironi. Nilitegemea matusi. Kumbe aliomba nakala ya Siasa! Tangu niiandike hakuna mtu aliyewahi kuiomba. Nikamtilia sahihi mara mbili. Akaisoma palepale mlangoni, na kalamu nyekundu mkononi, kama anasahihisha daftari.

"Papa Faradji," akasema, "naomba na fishi moja, ile karatasi ya kuandikisha urithi, isiyojazwa. Na samahani, papa iko na miaka ngapi?"

"Hamsini na saba, mwanangu."

"Na katika kiti hiki?"

"Ishirini na mitatu! Mahali pamoja!"

Akaandika yote. Nikajua vijana bado wana heshima.

Alhamisi ikafika misheni ya ukaguzi kutoka Kinshasa: Mtafiti Mkuu, Madamu Estelle, mwenye glavu nyeupe na kiburashi kidogo cha kupangusia vitu vya kale. Nikaamuru nibebwe pamoja na kiti changu mpaka uani, ila wabebaji wakakataa, kwa hiyo sufuria ikaletwa bironi. Nyuma yake wakaja wanawake wa mtaa mzima.

Madamu Estelle akaigonga sufuria, ikalia vizuri. "Miaka hamsini, ndiyo. Kazi yake ya asili?"

"PILAU!" mtaa ukaitika.

"Basi haifai," akasema kwa huruma. "Bado inafanya kazi." Akafungua utepe. Vigelegele vilinichoma masikio.

Kisha akatoa fishi ya pili, yenye mwandiko mzuri wa mwalimu. "Hapa kuna kingine kilichoandikishwa. 'Kitu cha Biro.' Zaidi ya miaka hamsini, ndiyo. Mahali pamoja zaidi ya miaka ishirini, ndiyo." Akanitazama, akawageukia watu. "Kazi yake ya asili?"

Watu wa soko wakatazamana. Aristote, muuza samaki wa Nyangwe, akainua mkono, akafikiri, akaushusha.

"Mimi naratibu!" nikasema.

"Unaratibu nini?"

"Uratibu."

Akaandika: *haijulikani*. Akanipangusa vumbi la sikio kwa kile kiburashi, taratibu, akanizungushia utepe mimi na kiti, akanitundikia kibao cha 'Urithi'. Nikapinga. Akanionyesha Kifungu cha Nne, na chini yake sahihi yangu, na tampo zote sita.

Jumamosi arusi ikafanyika. Upepo ulitoka kwa Bibi Waridi moja kwa moja mpaka dirishani kwangu, na ndani yake mlikuwa na kitunguu, karafuu, na nyama ya mbuzi. Jamani! Mate yalinijaa mdomo, nami siruhusiwi kusogea.

Alasiri Bibi Waridi akapita anamtembeza Mama Feruzi mjini. Mama Feruzi alikuwa anatafuna ukoko, shavu limejaa, furaha tupu. Bibi alishika sahani iliyofunikwa. Alikuwa ameniletea, moyo wake ni mwema. Lakini mlangoni akakumbuka, akasimama hatua tano mbali.

"Ona, iko na mafuta ya kupikia," akasema. "Ningekuharibu."

"Bibi, nakuomba! Mutu mumoja tu akishuhudia kazi yangu, nafunguliwa leo hii. Mwambie Madamu. Ulinijua tangu mutoto!"

Mama Feruzi akachungulia, akasoma kibao, akameza ukoko.

"Na hiki, Bibi, kilikuwa cha kazi gani?"

Bibi Waridi alinitazama kwa nia njema kabisa, kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea.

"Utafiti unaendelea," akasema, akaondoka na sahani.