Uzio wa Papa Cirhuza

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Papa Cirhuza, baba yake Rosalie, atatoa jibu Jumapili: ama wazee wetu waje kuposa, ama nisikanyage tena nyumbani kwake mtaani Kasha. Delphin naye anamtaka Rosalie. Jana kapeleka jogoo. Jogoo! Hana ubunifu hata chembe. Mzee ni mlinzi wa hifadhi, hushinda msituni wiki nzima. Akirudi Jumamosi atakuta zawadi yangu mimi, ya kudumu, siyo ya kuliwa.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimepata! Kuna villa kule mtaani Ibanda, jumba la kitajiri, lenye uzio wa maua madogo, njano na waridi kwenye kichala kimoja. Lantana. Mtunza bustani anasema hayafi, hata mbuzi hayagusi. Aliniruhusu kung'oa ninavyotaka. Alifurahi mno, mtu mkarimu sana.

Ijumaa, 11 Oktoba
Nimeizungushia lantana nyumba nzima ya mzee. Mikono imechanika kwa miiba. Rosalie alitaka kunieleza jambo kuhusu kazi ya baba yake. Nikamkatiza, asiniharibie zawadi. Akacheka mpaka akakaa chini. Furaha, bila shaka.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimekwisha. Mzee karudi kiuno kikimuuma. Wiki nzima yeye na walinzi wenzake wamekuwa waking'oa mmea uliotoka ng'ambo, unaosonga miti ya hifadhi. Mmea gani? Lantana! Alisimama mbele ya uzio wangu, akasema: "Weye, hii njo adui yangu kule mu parc. Na unaniletea ye mpaka ku mulango?" Delphin alikuwepo, amekaa kitini, anacheka. Nimeng'oa kutwa, hadi mzizi wa mwisho, mtaa mzima ukishangilia. Kesho nitakataliwa.

Jumapili, 13 Oktoba
Nimekubaliwa! Mzee anasema hajaona mtu anayeng'oa vizuri hivyo, na kwamba Delphin hakuinuka hata kushika jembe. Wazee wetu waje! Rosalie amenishika mkono mbele ya watu wote. Nina furaha hadi nimesahau kula. Nimeapa mbele ya Maman Adolphine, mama mkwe wangu, kwamba lantana sitaigusa tena maishani.

Jumatatu, 14 Oktoba
Lazima nimshukuru mzee. Bwawa lake la samaki linatia huruma, maji matupu. Leo ziwani nimeona maua ya zambarau yanayoelea yenyewe. Mvuvi mmoja, aliyekuwa akiyang'oa kwenye nyavu zake, anasema hayahitaji kupandwa, na kwa muda mfupi yatafunika bwawa lote. Nimemuuliza mara mbili kama ni lantana. Siyo. Nimejaza ndoo mbili.