Kivuli cha Bure pale Saint-Aubran

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya nane barabarani. Bahari bado. Kutoka Limoges watu hufika pwani kwa siku moja, lakini watu hao hawajui njia za mkato. Mimi nazijua.

Mke wangu Solange amefua nguo yake mpya ya kuogelea kwenye karai, itoke harufu ya duka. Aliinunua Mei. Kasema ni aibu, nguo ya bahari kuonja maji ya karai kwanza. Kisha kanipa tarehe: Jumamosi jioni. Asipokuwa ametia miguu baharini, anapanda treni kwenda kwa dada yake Odile, nami nibaki na gari-nyumba langu tuzeeke pamoja. Nilimwangalia usoni. Hatanii.

Lakini leo nimempatia mahali. Uwanja wa katikati ya kijiji cha Saint-Aubran, mti mkubwa, kivuli tele, chemchemi hatua tatu, na hakuna gari hata moja! Magari-nyumba mengine yote yamejibanza nyuma ya makaburi, juani, kama mikate kwenye tanuri. Mmojawapo ni Vidalenc, tarishi mstaafu, anayetufuata tangu Cahors na gari lake jeupe linalong'aa. Kaja mbio kuniambia eti jirani, hapo si pa kulala, kesho ni Alhamisi. Nikamwambia ahsante, kalenda ninayo. Nikapandisha kioo.

Solange anasema tungemsikiliza. Mtu aliyeacha kivuli akafuata jua, anifundishe nini?

Mlangoni kuna nguzo yenye kibao. Nimeanika nguo ya Solange juu yake. Safi kabisa.

Alhamisi, 7 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi, kishindo. Nikadhani mvua ya mawe. Makreti! Nasukuma mlango, unafunguka upana wa kiganja tu. Nje kuna meza ya matikiti na mama mnene, Bi Roumégas, akiniuliza kwa sauti ya tarumbeta nani kanipa mahali pa kibanda cha marehemu mama yake. Kushoto soseji. Kulia jibini la mbuzi. Nyuma, jamaa wa magodoro. Soko zima limetuzingira!

Kaja polisi wa kijiji. Kaniuliza sijasoma kibao? Kibao gani? Akainua nguo ya kuogelea kwa vidole viwili, mbele ya halaiki: marufuku kuegesha Alhamisi, soko. Walicheka mpaka muuza jibini akaketi chini. Kutoka, haiwezekani hadi saa saba mchana. Polisi akaandika, akaandika, akageuza karatasi akaandika tena.

Sikukata tamaa. Bi Roumégas alikwisha tundika mizani yake kwenye dirisha langu, basi nikauza matikiti. Nina kipaji! Bibi mmoja kanisifu nachagua vizuri kuliko mwenyewe. Nikageuka nimtangazie Solange.

Hayupo. Kachomokea dirisha la nyuma, kaangukia magodoro, kachukua nguo yake mkononi mwa polisi, kaondoka na mkoba. Na nani? Na Vidalenc na mkewe! Ujumbe kamwachia Bi Roumégas, naye kaupaza soko zima lisikie: Solange anakwenda Port-Sainte-Aude kuoga baharini. Treni yake ni Jumamosi saa kumi. Nikimtaka, nije kwa barabara kuu kama watu wengine. Barabara KUU, Bi Roumégas karudia, eti kaambiwa arudie.

Siku nane nimempeleka bahari mimi. Tarishi, asema Bi Roumégas, atamfikisha kwa dakika arobaini. Nimekula tikiti zima peke yangu. Halikuwa na ladha.

Ijumaa, 8 Agosti

Barabara kuu imejaa. Mwanamume anayempenda mkewe hawezi kukaa kwenye foleni. Nimekata kushoto, katikati ya mizabibu.

Baadaye: mizabibu imeisha. Matete. Magurudumu yote manne yamezama kwenye tope. Farasi mweupe ananitazama. Mbu wa huku wanauma hata kupitia soksi. Nimekaa nikafikiria kiti cha Solange kikiwa kitupu mpaka Limoges, na nikalia kidogo. Kidogo tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Mkulima wa mpunga kanikokota kwa trekta hadi ufukweni kabisa. Saa tisa na nusu! Solange alikuwa majini hadi shingoni, nguo ya bluu, kofia ya mke wa Vidalenc. Kaniona juu ya trekta, tope mpaka kwenye nyusi. Kacheka hadi kameza chumvi. Kisha kaniambia, wewe Anselme, mjinga wangu, njoo uoge, unanuka. Nikaingia na viatu. Tiketi ya treni kaifanya alama ya kitabu chake.

Sasa ni jioni, naandika nikiwa mshindi. Mji umefurika, Vidalenc kaegesha mbali kule kwenye michanga, maskini. Mimi nimepata mtaa mzima mtupu, mita mia kutoka baharini! Tena manispaa imeweka vizuizi vya chuma pande zote mbili, magari yasikwaruzwe. Mji unaojali wageni. Kila ukuta una picha za mafahali weusi wakikimbia mtaani, watu wakitimua mbio mbele yao. Naona wanapenda sana nyama.

Vidalenc yuko ng'ambo ya vizuizi, anapunga mikono yote miwili, anapiga kelele kuhusu kesho saa tano. Wivu haujamtoka. Nimepandisha kioo.

Solange anauliza mbona mtaa mzima hauna gari jingine. Nimemwambia watu hawana macho. Nguo yake inachuruzika maji ya bahari, na kwa bahati nzuri mlangoni kuna nguzo.