Malalamiko Juu ya Kiti Kirefu cha Pikipiki

Kulesa,
kwa njia ya Garsen, Mto Tana.
14 Mei 1957

Kwa Bwana Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta wewe na wapiga chapa wako mkiwa wazima, na mikono yenu ikiwa safi kiasi cha kuishika. Mimi si mgomvi. Ni karani wa baraza la Garsen, nakaa Kulesa, na gazeti lako nalisoma kila linapoletwa na lori la posta, hata likichelewa wiki tatu, maana huku kwetu habari haziozi upesi.

Nalalamika juu ya makala uliyoichapa mwaka jana, yenye kichwa "Pikipiki Gani Yamfaa Mtu wa Kwenda Kazini Kila Siku?" Mwandishi wako alieleza kwamba ziko za namna mbili. Iko ya matembezi, iliyo chini, yenye usukani mpana na tandiko moja la ngozi, ambayo mtu huikalia amenyoosha miguu mbele kama aliyemaliza kula pilau. Na iko ya safari, iliyo juu, yenye kioo cha mbele, masanduku mawili ubavuni, tangi kubwa na kiti kirefu cha watu wawili. Akamaliza kwa kusema kwamba mwenye akili atachukua ya safari.

Bwana Mhariri, mimi nilikuwa na akili. Niliuza baiskeli yangu na ng'ombe wawili, nikaenda Malindi kwa fundi mmoja aliyekuwa nazo zote mbili, zimesimama mlangoni pake. Moyo wangu ulikwenda kwa ile ya matembezi. Niliikalia, nikashika usukani, nikajiona bwana. Lakini makala yako ilikuwa mfukoni. Nikaitoa, nikaisoma tena pale pale, nikashuka. Nilirudi Kulesa juu ya ile ya safari, na hasara zangu ni hizi zifuatazo.

1. Kioo cha mbele. Mwandishi wako anasema kioo humkinga mtu na upepo. Sijui upepo wa Nairobi umewakosea nini. Wa huku kwetu hatuna ugomvi nao. Njia ya Kulesa mpaka Garsen ni njia ya salamu. Kila asubuhi nakutana na Bwana Huka, Muorma mwenye ng'ombe wengi, na salamu ya Huka huanza na wewe, ikaenda kwa wazee wako, kwa ng'ombe, kwa majani, kwa mvua, kisha ikarudi kwako kuhakikisha kwamba bado u mzima. Zamani nilishuka kwenye baiskeli tukamalizana. Siku ya kwanza ya pikipiki nilimpungia mkono nyuma ya kioo, nikapita. Siku ya pili aliwasimamisha ng'ombe wake wote njiani, akaja taratibu, akagonga kioo kwa fimbo.

"Mwenye dirisha ndiye hukaribisha wageni," akaniambia. "Mimi nangoja hapa nje."

Tangu hapo kila asubuhi namkaribisha Huka katikati ya barabara, naye huingia kwa kuzunguka upande wa kushoto. Nafika kazini nimechelewa kuliko nilipokuwa na baiskeli.

2. Masanduku. Imeandikwa kwamba ni ya vitu vya mwenye pikipiki. Vitu vyangu havijapata kuingia humo hata siku moja. Bi Sadia mwenye duka Garsen hunipa sukari na majani ya chai ya watu wa Kulesa. Watu wa Kulesa hunipa ndizi za Bi Sadia. Na mke wa Huka hunipa samli ya dada yake. Mwezi wa Februari samli hiyo ilimwagika juu ya karatasi za kesi ya mbuzi aliyeibwa. Mzee wa baraza alizinusa, akauliza kama mbuzi mwenyewe amekwisha pikwa, na kesi ikaahirishwa.

3. Tangi. Ni kubwa na halikauki. Baiskeli yangu ilikuwa ikinipa pancha kila wiki, na wakubwa wangu waliikubali pancha kama udhuru wa mtu muungwana. Leo nikichelewa kwa ajili ya Huka sina cha kusema. Nimejaribu kusema ukweli, wakacheka.

4. Kiti kirefu. Hapa ndipo ninapokuomba uketi.

Mtu mwenye tandiko moja hupita njiani kwa amani, kwa kuwa kila mtu anaona hana nafasi. Lakini kiti kitupu kikimpita mtu anayekwenda kwa miguu, huku kwetu ni tusi, na tusi hilo huzungumzwa jioni nzima. Kwa hiyo nimempakia maalim na vitabu vyake. Nimempakia bibi harusi, na siku iliyofuata nikapakia kitanda cha bibi harusi huyo huyo. Yote hayo nilivumilia. Sasa wanataka nimpakie mama mkwe.

Huenda huko Nairobi mnakaa na wakwe zenu meza moja mkipitishiana chumvi. Sisi hapana. Mama mzaa mke wangu, ambaye hata kwa wino siwezi kumtaja jina, anakaa Idsowe. Tangu nilipomwoa binti yake Mbeyu sijamtazama usoni, wala yeye hajanitazama. Tukikutana njiani mimi hutoka upande huu, yeye hujifunika kanga akatoka upande ule, na tukiwa na neno tunamtuma mtu. Kwa baiskeli adabu hii haikuwa na taabu. Kwa pikipiki uliyonishauri, mama akisikia mlio tu, hata akiwa na tenga la ndizi kichwani, huingia vichakani mbio. Miba imemchania kanga, na ujumbe kuhusu kanga hizo umenifikia.

Na mama huyo, Bwana Mhariri, ndiye mkunga. Hakuna mwenye mkono kama wake toka Idsowe mpaka Kulesa. Mbeyu ana mimba na siku zake zimekaribia. Mwaka juzi, masika kama haya, mtoto wetu wa kwanza alipokuwa akija, tulimwita mama. Akaja kwa miguu katika matope, akafika mtoto amekwisha funikwa shuka. Mbeyu hakulia mbele yangu. Mimi nililia, wala sioni haya kukuandikia.

Basi ndugu za mke wangu wamekutana, na wamekubaliana bila mmoja kupinga kwamba safari hii uchungu ukianza nikamchukue mama kwa pikipiki, kwa kuwa kiti kipo. Nikawauliza mama atashika wapi, maana mbele yake niko mimi. Nikashauri gunia la mpunga liwekwe katikati yetu. Wakasema likiwekwa gunia, mama hana pa kukaa. Nikashauri mama apande na mimi nikimbie pembeni. Wakaniuliza nani ataendesha. Nilifikiria hata masanduku, nikajikemea mwenyewe.

Kwa sababu hizo naomba kwa heshima mambo matatu. Kwanza, uchape masahihisho katika ukurasa wa mbele, kwamba mtu yeyote mwenye wakwe achukue pikipiki ya matembezi, ili aweze kusema kwa haki kabisa kwamba hana nafasi. Pili, mwandishi wako aje Garsen kwa lori la posta kabla ya mwezi huu kwisha, ampakie mama mkwe yeye mwenyewe, kwani si mkwe wake. Tatu, akishindwa kuja, gazeti limwandikie fundi wa Malindi anibadilishie chombo hiki kwa kile chenye tandiko moja.

Najua utaniuliza: nikiisha kupata tandiko moja, mama atafikaje Kulesa? Mbeyu naye ameniuliza hivyo hivyo, kwa sauti ya chini, akaendelea kupepeta mchele. Jibu bado nalitafuta. Mto umeanza kupanda, na kusema kweli naogopa.

Nisalimie wapiga chapa wote, wauza magazeti, mzee anayefagia ofisi, mwandishi wa makala pamoja na pikipiki yake, na mama mkwe wako pia, kama mnasalimiana.

Ni mimi msomaji wako, mwenye nafasi moja zaidi ya anayoitaka,

Ngumbao Dhadho
Karani, Garsen

Nyongeza, siku ya tatu baadaye.

Barua hii ilikuwa haijatiwa gundi uchungu ulipomshika Mbeyu, asubuhi ndiyo kwanza inapambazuka. Nilikwenda Idsowe. Nikasimama mbali na nyumba, nimeupa mlango mgongo, bila kushuka, nikamwomba jirani apeleke neno. Nilisikia sanduku la pikipiki likifunguliwa na kufungwa, kisha kiti kikabonyea nyuma yangu. Mama alikuwa amepanda akageukia nyuma, mgongo wake kwa mgongo wangu, kanga usoni, mikono imeshika vyuma vya masanduku. Mimi natazama Garsen, yeye anatazama Idsowe. Hapakuwa na adabu yoyote iliyovunjika.

Kabla ya Garsen tulikuta maji yamekata njia niliyoipita kavu wakati wa kwenda. Nikaikumbuka ile ya matembezi, na injini yake iliyokaribia kugusa ardhi. Pale ingezimika na sisi juu yake. Hii ya safari iko juu, lakini mimi mwenyewe niliogopa nikapunguza mwendo. Ndipo mama akasema. Hakuniambia mimi, aliiambia pikipiki.

"Wewe chombo, usisimame. Mwanangu ananingoja."

Nami nikakijibu kioo cha mbele kwamba tumesikia. Tukapita. Huka alipotuona mbali, aliwaswaga ng'ombe wake wote kando, akainua fimbo, wala hakuuliza hata habari za majani.

Tulifika mapema. Mtoto ni wa kike, yu mzima, na mamaye ni mzima. Kwa hiyo maombi yangu yote matatu uyafute, na mwandishi wako umwambie aongeze katika makala yake kwamba kiti kirefu hukaliwa pande mbili, maana hilo alilisahau. Mama mkwe ameikataza pikipiki kuuzwa, nayo imetii. Ningekuandikia na jina la mtoto, lakini amepewa la bibi yake huyo huyo, na mimi babaye nitakuwa nikimwita kwa honi.