Kumvuta Mama Mkwe hadi Kabambare

Jumatatu, 4 Juni 1956. Kasongo.

Wiki ya tisa bila Léontine. Mke wangu yuko kwao Kabambare tangu nilipoezua mabati ya jiko lake ili niunde mashua ya kuvulia samaki mtoni Nyangwe. Mashua ilizama, na mvua ikamnyeshea jikoni. Jambo dogo! Lakini mama yake, Mama Anastasie, amesema mtoto harudi mpaka yeye mwenyewe aridhike.

Leo Mungu amenikumbuka. Mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, Mama Anastasie yuko hapa Kasongo kwa dada yake, Mama Régina. Alikuja kutibiwa jicho, jicho limepona, anataka kurudi kwake. Pili, bwana wangu Mbelgiji, mpima barabara ambaye mimi ni dereva wake, ameletewa kutoka Bukavu nyumba yenye magurudumu. Nyumba kabisa! Vitanda, meza, pazia dirishani. Inavutwa na gari. Yeye anakwenda Kindu mpaka wiki ijayo. Ameniagiza nitayarishe jipi ya kuivuta: kulabu, springi, kioo cha pembeni. Kisha niijaribu ikiwa tupu, hadi njia panda ya Nyangwe, nirudi.

Nimeitika ndiyo, bwana. Moyoni nilishafika Kabambare.

Maana nitampelekaje mama mkwe kwa jipi? Tungekaa bega kwa bega. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala hasemi naye bila mtu wa katikati. Lakini akiwa nyuma, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akivutwa na mkwe wake! Akifika hivyo, Léontine atarudi siku ileile.

Jumanne, 5 Juni.

Zuberi mhunzi ametufulia kulabu kutoka kipande cha reli kuukuu. Nzuri sana. Tulipoitundika nyumba, jipi ikachuchumaa. Ameongeza majani mawili ya springi, ikasimama.

Amepita Atumani, dereva wa lori la pamba. Kila Jumamosi anakwenda Kabambare na amejaza watu mpaka juu ya marobota. Anajiona. Akauliza tunafanya nini, nikamweleza kwa upole. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Célestin, watu wanajenga nyumba mbele ya barabara. Weye unaitembeza!" Akasema Mama Anastasie anaweza kupanda kwake, mbele, bila maneno. Nimekataa. Mke ni wangu, si wake.

Jumatano, 6 Juni.

Kioo. Kile cha jipi hakioni zaidi ya ukuta wa nyumba. Nimechukua kioo cha Léontine cha kuchania nywele, nimekifunga kwenye mti mrefu upande wa kushoto. Kazi ya fundi!

Bwana ameacha karatasi ya Kifaransa. Nimewasomea watu wote karakanani kwa sauti. Inasema vitu vizito vikae mbele ya magurudumu ya nyumba, ili pua yake ilalie gari. Wote walisikiliza. Hata Atumani alisogea karibu, maana hajui kusoma.

Alhamisi, 7 Juni.

Nimekwenda kwa Mama Régina. Mama Anastasie alikuwa ndani, mimi nje nyuma ya mlango, Régina katikati, akibeba maneno huku na huku ingawa wote tulisikia kila kitu. Nikasema kiti chake kitakuwa mbele, karibu na dirisha, hatua sita kutoka mgongoni mwangu.

Nikasikia sauti ya Mama ndani: "Ambia ule mutoto ya kama hatua sita ni kula naye sahani moja."

Hapohapo nikamtolea kitanda cha nyuma kabisa, mwisho wa nyumba. Mbali kuliko hapo ni barabarani. Régina akapeleka neno, akarudi: Mama amekubali, ila mizigo yake ikae naye palepale, aione. Nimekubali yote. Nilitembea kurudi nyumbani nikiimba.

Jumamosi, 9 Juni. Asubuhi, haraka haraka.

Tumepakia. Mama Anastasie, ambaye si mwembamba. Mama Régina, anayekuja kubeba maneno. Magunia manne ya mchele. Kinu. Pipa la mawese. Vyote nyuma. Mkia wa nyumba umeshuka, pua imepanda, na matako ya jipi yamenyanyuka nayo.

Zuberi ameshika kichwa. Anasema, si weye ulitusomea karatasi? Hamisha pipa, hamisha kinu, na mama asogee mbele. Nikamuuliza kama aliyeandika karatasi hiyo alikuwa na mama mkwe. Akakusanya nyundo zake.

Tatizo moja tu. Nimetazama kioo, nimeona uso mzima wa mama mkwe! Amechungulia dirishani, anatafuna karanga. Nimeruka kama nimekanyaga siafu. Nimekifunika kioo kwa leso. Sasa heshima imekamilika. Tunaondoka.

Jumapili, 10 Juni. Njiani, karibu na Lusangi, juu ya jiwe.

Naandika yote ya jana.

Tulikwenda vizuri mpaka kwenye mteremko. Hapo usukani ukawa mwepesi, kama jipi haigusi chini. Nikadhani ni ile springi mpya, nikafurahi. Kumbe nyuma nyumba inatikisa mkia, kushoto, kulia, na mimi kioo changu kimevaa leso.

Mama Anastasie aliona kila kitu. Lakini hawezi kusema nami. Basi akamwambia Régina. Régina akatambaa mpaka dirisha la mbele, akatoa kichwa. Na Régina ni mtu wa adabu! Akaanza na salamu. Mama anakusalimia. Mama anauliza kama umelala vizuri. Nikajibu nimelala vizuri, na yeye je? Akarudisha kichwa kuuliza. Akatoka tena: Mama amelala vizuri, na anasema ya kama nyumba inakufa!

Kulabu ikafunguka. Nikakanyaga breki kwa nguvu zote. Jipi ikasimama, na nyumba ikanipita. Ilinipita upande wa kushoto, pazia likipepea, Régina bado dirishani. Ikaingia shamba la pamba, ikakaa kwa mkia, pua juu.

Nilikimbia nikilia. Nasema kweli, nililia kwa sauti. Nikijua nimemuua mama wa mke wangu.

Alitoka kwa dirisha, mchele kichwani, mawese mpaka magotini. Mzima! Régina mzima. Mama akanitazama usoni moja kwa moja, mara ya kwanza tangu nimuoe mtoto wake. Akasema neno moja, "Célestin." Halafu akachuma majani akajifuta.

Lori la Atumani likafika, naam, hilohilo. Akamketisha Mama Anastasie mbele, na Régina kando yake. Si mkwe wake, wanaruhusiwa hata kucheka. Na walicheka. Niliwasikia mpaka kwenye kona.

Jumatano, 13 Juni. Kasongo.

Bwana amerudi. Aliizunguka nyumba yake, iliyovutwa hadi hapa na lori la Atumani, mara tatu, kinu kingali ndani. Kisha akaninyang'anya ufunguo. Si dereva tena. Kuanzia leo navuta kokoto kwa pusupusu, gari la mkono la magurudumu mawili.

Atumani ameleta maneno ya Léontine. Nilimsikiliza nimesimama. Anasema mama yake alipofika alieleza habari mara tano, na kila mara alicheka mpaka lile jicho likatoa machozi. Amesema hakuna mkwe mwingine aliyemhangaikia hivyo. Ameridhika! Léontine atarudi. Ila anataka jambo moja: nije kwa miguu, peke yangu, bila injini, na nisibuni kitu. Nikifika hivyo, tutarudi pamoja. Nikifika na jambo lolote jipya, nisahau mlango wao.

Nimelia tena. Mke gani huyu! Siku chache tu za kutembea, na yeye ni wangu.

Nitafanya kama alivyosema, neno kwa neno. Kwa miguu. Peke yangu. Bila injini. Lakini mtu haendi ukweni bila zawadi, hilo hata yeye analijua. Jean-Marie seremala ana kabati la mvule, milango miwili, zito kama kanisa. Na sibuni kitu: pusupusu ipo, mkanda wangu upo, Zuberi kulabu anaijua. Ataifunga kiunoni mwangu kesho asubuhi. Kabati nitaliweka nyuma kabisa, ili lisinielemee.