Mrusi Amshtaki Kocha wa Tangawizi

Habari yenyewe aliileta Husna muuza chapati, ambaye kijiwe kizima kinamwita Redio kwa sababu hana swichi ya kuzima. Alishika simu kwa mkono wenye mafuta akasoma kwa sauti, mpaka wapiga debe wa stendi ya Same wakanyamaza, jambo ambalo hata askari wa usalama barabarani hajawahi kuliweza.

"Kiungo wa Kirusi, Gennadi Zaplatin, miaka thelathini na tisa, ameongezewa mkataba wa mwaka mmoja!"

"Thelathini na tisa?" Abdulrahmani, mwenye birika la kahawa, akamimina nusu kikombe chini. "Kaongezewa mkataba au kaongezewa damu?"

Watu wakaangua kicheko. Asiyecheka alikuwa Sifael peke yake, wanayemwita Dinamo, mwenye jezi namba nane ya Tangawizi FC mwaka wa kumi na tisa sasa. Kesho timu inakwenda Mwanga kucheza fainali, na jana kocha alibandika orodha ya kikosi kwenye mlango wa duka lake la vipuri. Sifael aliisoma kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu. Jina lake halikuwepo. Ilimuuma, tena ilimuuma vibaya, asikudanganye mtu.

"Redio, soma na historia yake," alisema. "Watu wajue mwamba katoka wapi."

Husna akasogeza kidole. "Kaanza Siberia, timu ya wafanyakazi wa reli. Kauzwa Moscow, kakaa benchi misimu miwili. Wakamkopesha Kazakhstan, wakasahau kumfuata. Kaenda Saiprasi, karudi kwao. Misimu kumi na tisa, timu tisa, mabao sita."

"Sita!" Mzee Melkizedeki akaruka. Huyu alikuwa karani wa baraza la kata miaka ishirini, na tangu astaafu tunamwita Hakimu ili asiugue. "Hata mbuzi ukimfunga kamba golini miaka kumi na tisa, mpira utamgonga uingie zaidi ya mara sita!"

"Na mawili humo kajifunga," Husna akaongezea.

"Kiungo kazi yake kulisha!" Sifael akapandisha sauti. "Mzee, uliwahi kumsifu mpishi kwa kula?"

"Tunamsifu kwa kupika. Wewe mwaka jana ulipika nini? Kila pasi unamrudishia kipa, mpaka kipa akaniuliza kama mna ugomvi."

"Hatuzungumzi habari zangu, tunamzungumzia Mrusi."

"Mrusi gani anayesali Kilutheri?" Abdulrahmani akamtazama pembeni. "Kausha, Dinamo. Tunajua unapoumwa."

Mahali pengine mambo yangeishia hapo. Lakini huku Upareni, mtu akidhulumiwa kuku atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda mahakamani. Sifael akasimama, akafunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni.

"Mheshimiwa Hakimu, naomba shauri langu lisikilizwe."

Mzee akavaa miwani, ingawa hapakuwa na cha kusoma. "Baraza limekaa. Redio, wewe karani."

"Chapati inaungua, mzee."

"Iache iungue. Mwiteni kocha."

Kocha Clemence akavuka barabara anafuta grisi mikononi. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeshtakiwa."

"Na nani tena?"

"Na Mrusi."

Alipoelezwa, Clemence akatikisa kichwa. "Mzee wangu, huyo Mrusi ana daktari wake, ana mtaalamu wa chakula, ana beseni la barafu la kulowekea miguu. Dinamo ana nini?"

"Ana makande," karani akajibu bila kuulizwa.

"Makande ya mke wangu yatoe kwenye kesi!" Sifael akang'aka.

"Vijana wa Mwanga wana miaka kumi na tisa," Clemence akaendelea. "Ulipovaa namba nane mara ya kwanza, walikuwa wananyonya!"

"Si ndiyo vizuri? Hawajui mbinu zangu hata moja!"

Kijiwe kikapiga makofi. Sifael alitakiwa acheke na yeye, ila alipofungua mdomo, yaliyotoka hayakuwa yale aliyoyapanga.

"Kunitoa ni haki yako, Kocha. Lakini ungeniambia. Watu wananipita pale mlangoni wananipa pole, mimi ndiyo kwanza natafuta jina. Miaka kumi na tisa, Clemence! Mrusi na mabao yake sita walimwita mezani wakaongea naye. Mimi nimeambiwa na mlango."

Clemence aliangalia viatu vyake.

"Nilikuja kwako mara mbili, kaka. Nikifika getini nageuza. Niliona aibu."

"Baraza limesikia," Hakimu akasema, akapiga benchi kwa kikombe. "Mlalamikaji kadhulumiwa. Arudishwe kikosini leo hii. Aanze, acheze dakika zote tisini, na asitolewe kwa sababu yoyote isipokuwa kifo."

"Tisini zote, mzee?"

"Na za nyongeza zikiwepo."

Clemence akashusha pumzi, akatoa kalamu. "Sawa. Nilikosea, acha nirekebishe." Akavuka barabara, na kijiwe kizima tukaona akiandika jina kwenye ile karatasi, Sifael Dinamo, herufi kubwa. Shangwe zikalipuka. Sifael akabebwa juujuu, na macho yakamlowa kidogo, akasingizia moshi wa chapati.

Kocha akapiga kelele kutoka ng'ambo: "Saa nane mchana, Dinamo, jua la utosi! Na yule winga wao aliyekimbizana na bodaboda mpaka bodaboda ikazima, utamkaba wewe!"

Walimshusha taratibu. Akakaa. Abdulrahmani akampa kahawa ya bure ya ushindi, naye Sifael akaipuliza muda mrefu bila kuinywa. Ukweli ni kwamba alichokuwa anakitaka ni jina kusomwa. Miguu hakuna aliyeiuliza, hata yeye mwenyewe.

Akamsogelea Melkizedeki, akanong'ona.

"Mzee, kisheria... mtu aliyeshinda kesi anaruhusiwa kukata rufaa?"