Maharage Ambayo Sikuyaloweka

Jamani, leo nimeumbuka mchana kweupe, na nimeumbuka kwa somo langu mwenyewe.

Mnajua mimi ni mhudumu wa afya hapa Babati, bado niko kwenye majaribio. Leo nilitumwa Sigino kufundisha kikundi cha kina mama habari za tumbo. Aliyenitangulia walimkataa siku ya kwanza, wakasema anaongea kama redio. Na mimi wakinikataa, kazi ndiyo basi. Nikajiandaa. (Hata kitenge nilikipiga pasi.)

Ila asubuhi nilichelewa. Nikabugia mabakuli mawili ya makande ya jana, yale niliyoyapika harakaharaka, maharage hayakulowekwa hata dakika moja. Nikapanda bodaboda.

Somo likaenda vizuri. Nikawaeleza chakula kinavyoanza kumeng'enywa mdomoni, kikashuka tumboni, kikafika utumbo mdogo ambako mwili unachukua chake. Kiungulia, kufunga choo, vyote nikavieleza. Nilipofika kwenye gesi nikapandisha sauti: maharage yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, na mtu atafune taratibu asibugie. (Mdomo huu!) Hata mwenyekiti wao, Mama Paulina, mtu mzima asiyecheka ovyo, alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Wakati huo tumbo langu lilishaanza kunguruma. Nikajikaza. Nikajiambia imebaki sala ya kufunga tu, dakika mbili.

Mama Paulina akasimama kusali. Kumbe mwenzangu hana haraka. Akaombea mvua, akaombea mahindi, akaombea wagonjwa mmoja mmoja kwa majina. Watu kimya. Jasho likanitoka. Alipofika kwenye "umbariki mwalimu wetu," ndipo shuzi liliponitoka. Lilikuwa refu, na kiti kilikuwa cha plastiki.

Mama Paulina akamalizia amina yake, akafumbua macho, akaniangalia.

"Mwalimu, ya kwako uliyaloweka?"

"Hapana, mama."

Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Nikaanza kukusanya karatasi zangu, najua kibarua kimeota nyasi. Mama Paulina akafuta machozi, akasema yule wa kwanza aliwahubiria tu, lakini mimi nimewaonyesha. Nirudi Ijumaa, na nisile nyumbani.

"Makande tutapika sisi."

Basi nimerudi na kazi yangu, nina furaha, na maharage yapo kwenye maji muda huu. Anayetaka kunicheka, aje kwanza na sufuria lake tulikague.